Fedha Zisizopita Mkononi mwa Maha

Kwa miaka ishirini na mitatu Masuda alikaa kwenye cherehani katika duka la mabaibui huko mtaa wa Al Mankhool. Wenye duka walibadilika mara nne, yeye akabaki. Mwaka 2016 daktari alimwambia moyo wake umechoka. Masuda akamjibu kuwa si moyo peke yake, na magoti pia yamechoka, na macho. Akarudi kazini siku ile ile, maana kulikuwa na mabaibui kumi na mawili ya harusi yanayongoja upindo.

Kufa hakukumkosesha raha sana. Kilichomkosesha raha ni dirham elfu arubaini na tano alizozidunduliza tangu ujana wake. Alitaka ziwasomeshe wajukuu zake wawili, Raya na Aidarus, watoto wa bintiye Maha, na hakujua azipitishe wapi.

Maha aliishi Al Baraha, chumba na ukumbi, pamoja na mumewe Khelef. Khelef alikuwa dereva mpaka figo zilipomshinda, na sasa alisafishwa damu mara tatu kwa wiki. Kodi ya nyumba na matibabu yake vililipwa na jumuiya moja ya misaada. Kila baada ya miezi sita jumuiya ilimtuma mama mmoja mwenye faili. Mama huyo alikuwa mpole, alikaa, akanywa kahawa, akauliza hali za watoto, na huku macho yake yanazunguka chumba kizima kutafuta kipya kilichoongezeka.

Mwaka wa nyuma Masuda ndiye aliyewaharibia. Kwao mtoto wa kike hawekewi akiba benki, huvishwa. Basi Idd ilipofika akamvisha Raya bangili nne za dhahabu na kumkataza asizivue. Mama mwenye faili alipokuja, ni Raya aliyemletea kahawa, bangili zikigonga sinia. Mama yule akafungua faili. Aliandika tu. Msaada ukasimama miezi mitatu, bangili zikauzwa kulipa kodi, tena kwa bei ya chini, na Maha akapeleka risiti ya sonara kuonyesha kuwa ile dhahabu imekwisha. Hakumlaumu mama yake hata kwa neno moja. Masuda aliona afadhali angelaumiwa.

Safari hii hakutaka kubahatisha. Alimngojea yule mama chini ya ngazi, siku ya ukaguzi, akamuuliza waziwazi: je, bibi akitaka kuwaachia wajukuu fedha, baba yao mgonjwa atakatiwa msaada?

Mama akafunga faili lake. "Zitakuwa kwa nani?"

"Kwa atakayeaminiwa. Mpaka wakue."

"Mama yao ataweza kuzitoa?"

"Ukitaka asiweze, hataweza."

"Basi zikilipwa shuleni moja kwa moja, mimi sina cha kuandika. Zikipita mkononi mwake hata mia moja, nitaandika. Ndiyo kazi yangu, Bi Masuda, usinichukie."

Masuda akapanda ngazi, akipumzika kila ghorofa, akamweleza Maha yote. Sheikh wa msikitini naye alikwisha kumwambia kuwa angali hai na ana akili zake, anaweza kuwapa wajukuu sasa hivi, kwa hati, fedha zishikwe na mtu kama amana, ili mradi wanawe wote wawili wameridhia. Na mtu wa kuzishika aliye karibu alikuwa mmoja tu, Maan, kaka yake Maha, anayefanya kazi ghala la mizigo.

"Kwa hiyo fedha za wanangu apewe kila mtu ila mimi," alisema Maha.

"Si kila mtu. Kaka yako."

"Maan! Aliyeninunulia friji la mtumba, na mpaka leo akija na wageni hulifungua?"

Khelef alicheka kutoka kwenye godoro lake. "Na huuliza, 'Bado linagandisha, shemeji?'"

"Mwanangu, kaka yako si mwizi," alisema Masuda.

"Sijasema mwizi. Dirham haitapotea hata moja. Nitakayepotea ni mimi, mama. Kila muhula nitaisikia ile ada kwenye kila shughuli, mpaka Aidarus aote ndevu."

Masuda alimtazama bintiye akikunja nguo za watoto, akizikunjua, na kuzikunja tena.

"Sikatai," Maha alisema mwisho. "Nimechoka hata kukataa. Lakini kamuandikie asinisimange."

Wiki iliyofuata Masuda na Maan wakaenda kwa karani mmoja wa Kipemba, mzee anayewaandikia watu hati kwa Kiarabu. Khelef, kwa kuwa ndiye baba, alikwisha kutia sahihi kuwa amekubali, na Maha naye. Karani akaandika majina ya watoto, kiasi, na kwamba ada italipwa shuleni tu.

"Khalas?" aliuliza.

"Bado. Andika kuwa Maan asimsimange dada yake."

Karani akavua miwani. "Bi Masuda, hilo haliandikwi. Hati ni ya mali, si ya midomo."

"Mama!" Maan alicheka. "Mimi nimsimange Maha? Lini?"

"Friji."

"Nilikuwa naangalia tu kama linafanya kazi!"

Masuda hakucheka. Miguu ilikuwa imemvimba na alitaka kukaa, lakini alibaki amesimama mbele ya meza. "Andika hivi, mzee wangu. Siku Maan atakapozitaja fedha hizi mbele ya watu ili dada yake aone haya, amana itoke kwake iende kwa ndugu yangu Mwatima, aliyeko Sharjah. Mwatima ameshakubali."

Karani alimtazama Maan, kisha akaandika. Maan aliusoma mstari ule mara mbili. Cheko lilikuwa limemwisha.

"Na mtu akiniuliza mwenyewe, mama? Akisema, 'Watoto wa Khelef wanalipiwa na nani?'"

"Mwambie wamelipiwa."

Maan akaishika kalamu muda mrefu, kisha akatia sahihi.