Vidole Vinne Ubavuni mwa Tofali

Asubuhi ile niliondoka Kilibula bila kujua ninakoelekea. Nilikuwa na begi, kitenge cha kujifunika, na ile hamu yangu ya kuona kilicho mbele, ambayo ndiyo iliyonitoa shuleni nikiwa mwaka wa nne. Nje ya mji ikanifikia harufu ya matofali yanayochomwa, moshi wa kuni mbichi na udongo unaoiva. Nikamwambia dereva wa pikipiki, "Endelea tu, kaka." Harufu ile ilikuwa ya Baba, na Baba tulikuwa tumemzika mwezi uliopita.

Hata nyinyi mngekaa naye benchi moja msimwone. Mama alisema kikohozi chake kinaomba ruhusa kwanza. Tuliishi Nyakabere, katika nyumba ya udongo iliyovuja, na kiangazi chote Baba, akitoka shambani, alifyatua matofali ya kumjengea Mama. Hakunywa, hakulala nje hata siku moja. Kila alipomaliza mstari alituita sisi watoto wanne, kwa umri, tubonyeze kidole gumba ubavuni mwa tofali la mwisho likiwa bado bichi. "Nyumba iwajue," alisema. Alama yangu, ya tatu, ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Nilikuwa nimejikata kwa panga nikimenya muwa, na kovu limepita mshazari.

Tanuru lilipopoa, bibi yetu akafariki kule milimani. Tukapanda kuzika, na Baba akamwachia rafiki yake Zabuloni alinde matofali. Tuliporudi tulikuta majivu na alama za magurudumu ya lori. Zabuloni naye alikuwa amehama.

Mama alipiga kelele. "Weye iko mwanaume gani? Umufuate!"

Baba alichukua ufagio, akafagia majivu. "Yanajulikana," alisema. Basi.

Nilikuwa na miaka tisa na nilimwonea aibu. Nilifinyanga Zabuloni wa udongo, nikamvunja shingo, nikamfinyanga upya ili nimvunje tena.

Baba alikufa katika nyumba ileile, sufuria ikikinga maji kando ya kitanda chake. Na matangani nani akaja? Zabuloni, kofia mkononi. Alikula maharagwe yetu sahani mbili, kisha akasimama: "Huyu alikuwa muntu wa kimya. Hakugombana na muntu." Akavaa kofia, akaondoka.

Pikipiki ilinishusha Luvungi, mahali nilipopita mara nyingi bila kushuka. Nikaulizia chumba. Muuza ndizi akanyoosha mdomo kuelekea nyumba ya matofali isiyopigwa lipu. "Pale kwa muzee. Iko na vyumba vya wageni."

Nilikuwa natua begi mlangoni nilipoviona ubavuni mwa tofali: alama za vidole vinne vidogo, cha tatu kimekatwa mshazari. Niliweka changu juu yake. Hakikuingia, lakini kovu lilielekea kulekule.

Hapo ndipo nilipolielewa lile neno moja la Baba. Hakuwa mwoga. Alijua matofali yake hayana pa kujificha. Labda kujua hivyo kulimtosha. Mimi hakukunitosha.

Zabuloni alitoka. "Karibu, mama. Unataka siku ngapi?" Kisha akanitazama vizuri. "Weye uko mutoto wa nani?"

Nilimshika mkono, nikakiweka kidole chake ndani ya alama yangu. "Wa fundi wa hii nyumba."

Akauvuta mkono wake. "Binti yangu..."

"Chumba," nilisema. "Kile cha ukuta huu. Siku ngapi sijui. Na ndugu zangu watatu nitawaita. Nao vidole vyao viko hapa."

Alinipa ufunguo kwa mikono miwili. Nilitandika kitenge, nikalala chali, nikatafuta kwa macho mahali panapovuja. Sikupaona. Nje nilimsikia Zabuloni akizunguka nyumba polepole, akipapasa ukuta, akitafuta vidole vingine.

Viko vingi. Sikumwambia ni vingapi.