Tisa Iliyojaa

Nilipokuwa mtoto kule Ngoliba, nyumbani kwetu hakikuhesabiwa kitu chenye uhai. Cucu, mama yake baba, alijua mbuzi wake wametimia kwa kutazama rangi zao wakiingia zizini. Watoto vilevile. Ukihesabu watu, alisema, unayaonyesha mauti pa kuchagua. Hata kumi hakuitaja. Baada ya tisa alisema "tisa iliyojaa", kama Wakikuyu wa zamani.

Basi mwaka mmoja wa tisini na kitu, mwalimu wetu wa sayansi akatueleza kuhusu vyombo vinavyotumwa kwenye sayari za mbali. Akasema huenda huko kwenye nyota kuna watu kama sisi, kisha akatuagiza tukahesabu nyota jioni hiyo. Mimi na kimbelembele changu nikasimama uani, nikazihesabu zilizotangulia kutokea. Zilikuwa kumi.

Kesho yake mdogo wangu, Kamau, akashikwa na malaria. Mama akamkimbiza hospitali, mjini Thika. Nikaanza kupiga hesabu zangu: kama kwenye nyota kuna watu, basi nimehesabu watu. Nao wamelipiza, wakahesabu wa kwetu hadi wakamfikia Kamau. Nilimpenda sana yule mtoto, hata siku aliyokojolea daftari langu. Chakula kilinishinda siku mbili nzima.

Jioni ya pili nikamwungamia Cucu jikoni, akichambua maharagwe. Nilingoja kofi.

"Haiya! Ulifika ngapi?"

"Kumi, Cucu."

"Hapana. Ulifika tisa iliyojaa. Hiyo si kuhesabu."

Akaendelea kuchambua, kisha akaniuliza, "Na hao watu wako wa juu, wako na watoto?"

"Mwalimu hajui."

"Kama wako na watoto, wako na cucu. Na huyo cucu amewakataza kutuhesabu. Haya, kula."

Nikala mpaka nikakwangua sufuria. Kamau alirudi siku mbili baadaye, amekonda, mkononi ana nusu skonzi aliyoniwekea. Ilikuwa ngumu kama jiwe, na sijawahi kula skonzi tamu kuishinda.

Siku hizi naishi Gatongora, na taa za Ruiru zimezimeza nyota karibu zote. Najua Kamau aliponywa na dawa. Lakini Cucu alipotutoka, mama alinisimulia jambo ambalo sikulijua: siku zile zote Kamau akiwa hospitali, Cucu hakutia kitu mdomoni. Mwiko ule aliuamini kuliko mtu yeyote, na jioni ile aliupinda mbele yangu bila kupepesa macho, ili mimi nile.

Binti yangu huniuliza kama huko juu kuna watu. Namwambia sijui. Ila nikitazama juu, ninayemtafuta ni yule cucu wao, anayewaambia wajukuu "kuleni" huku mwenyewe hajala.