Injini ya Kukatia Nyasi

Baba alivunjika mguu akichuma makadamia, mfupa ukaunga vibaya, na tangu hapo hakutoka nje ya lango letu hapa Manyatta. Kiti cha magurudumu alikikataa katakata. Aliogopa watu wa fakitori ya kahawa, wale waliozoea kugombana naye mikutanoni, wasije wakaanza kumwambia pole. Pole zao zingemuuma kuliko mguu wenyewe.

Mimi binti yake ni mkaidi kama yeye. Nikamchomelea gokati, kigari kidogo cha injini: fremu ya mabomba, magurudumu ya wilbaro, breki ya mkono. "Nikijiendesha mwenyewe, nitaenda," akasema. Basi mkutano wa mwaka wa fakitori ulipokaribia, injini yake, ya pikipiki kuukuu, ikakwama kabisa. Iliyobaki pale nyumbani ilikuwa moja tu, ya mashine ya mama ya kukatia ng'ombe nyasi.

Mama alinitazama kana kwamba nimemwomba figo. "Chukua. Lakini ng'ombe wangu wakilala njaa, utawaeleza wewe."

Matundu ya injini hayakulingana na ya fremu, nikachomelea bamba la chuma katikati. Shafti ilikuwa nene kuliko tundu la sproketi, lile gurudumu la meno la cheni, nikaenda Embu mjini kwa fundi akalipanua. Cheni ikakaa sawasawa. Nikapanda kwa maringo, nikavuta kamba, nikakanyaga mafuta, gokati ikarudi nyuma kwa kasi ikanitupa kwenye nyasi za nepia. Nilikuwa nimeifunga injini ikitazama upande usiofaa, kwa hiyo ilizungusha ekseli kinyume.

"Hii itanifikisha kwa mkutano wa mwaka jana," baba akasema.

Nikaigeuza. Asubuhi ya mkutano akavaa koti la kanisani, akakaa, injini ikanguruma, akatoka langoni kichwa juu. Nyuma yetu tukasikia mbao za zizi zikivunjika.

Hakuna aliyekuwa amelifikiria jambo hilo. Kwa ng'ombe wetu, sauti ile ni chakula, na sasa chakula kilikuwa kinaenda zake barabarani. Wakakifuata. Baba mbele, ng'ombe watatu nyuma yake wakilia, mama nyuma ya ng'ombe akiwa na leso mkononi, mimi nyuma ya mama nikitamani ardhi inimeze. Kila baba alipoongeza mafuta ili awaache, injini ilinguruma zaidi, nao wakazidi kukimbia.

Fakitorini mkutano ulisimama. "Mzee," mwenyekiti akauliza, "hawa unawapeleka soko ama wamekufukuza nyumbani?"

"Ni members," baba akajibu. "Wamekuja kupiga kura."

Watu walicheka hadi wengine wakashika kuta. Kisha baba akaanza kugombana nao juu ya mizani ya kahawa, nao wakamjibu kwa kelele kama zamani, huku mama akiwafukuza ng'ombe kwenye miche ya kahawa. Hakuna aliyeuliza habari za mguu. Hakuna aliyesema pole. Nilisimama mlangoni nikajikuta nalia kwa furaha.

Jioni nilirudisha injini kwenye mashine, ng'ombe wakala. Nikamwahidi baba nitamtafutia nyingine, isiyo na kelele, ambayo ng'ombe hawaijui.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akijikanda goti. Hakunitazama.

"Na ng'ombe wakikosa kuja," akasema, "si watu watanitazama mimi?"