Madhara ya Wastani

Mimi ni mwalimu wa hesabu na nina mdomo, wanafunzi wangu kule Terrat watakuambia. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani niliyoyafanya yalitokana na kutojua. Nilijua. Nilikuwa na haraka tu, na aliyeniuliza alikuwa mdogo wangu, ambaye maswali yake nimezoea kuyajibu huku mkono ukifanya kazi nyingine.

Mdogo wangu alianguka kutoka juu ya mparachichi nyumbani kwetu, mlimani juu ya mji wa Maji ya Chai, wanunuzi wakiwa wamesimama chini na kreti zao. Akaumia uti wa mgongo. Baada ya miezi ya hospitali alirudi na magongo mawili, mguu wa kulia ukiburuzika, wa kushoto ukimtii kiasi cha kumfikisha chooni na kurudi bila kushikwa na mama. Ana ndevu, alikuwa akibeba magunia, na sasa utu uzima wake wote ulikuwa kwenye ile safari ya chooni. Daktari alisema upasuaji wa pili ungeweza kumrudishia mguu wa kulia. Ungeweza pia kumnyang'anya ule wa kushoto. Tulipomuuliza hatari ni kubwa kiasi gani, akasema ni ya wastani, akatupa fomu ya ridhaa twende nayo nyumbani tukafikirie.

Tulifikiria miaka miwili. Fomu ilikaa kwenye kabati la vyombo, na mama alikuwa akilifungua kabati lile kwa kunyata. Kila nilipopanda nyumbani Jumamosi nilimkuta mdogo wangu dirishani, mahali pekee ambapo mtandao unashika, mbele ya kompyuta niliyomletea ili asiwe anatazama migomba kutwa nzima.

Akaingia kwenye gemu. Ule mchezo wa mtandaoni ambao watu wa dunia nzima wanaingia pamoja, kila mmoja na mtu wake, wanapigana na mazimwi. Mtu wake alikuwa jitu la mabega mapana, na lilikuwa linakimbia. Linaruka mito, linapanda milima, halichoki. Alikuwa amechagua njia ngumu kuliko zote, ambayo mtu wako akifa anafutwa kabisa na hakuna cha kumrudisha. Nilimtania sana, eti mtu mzima anaamka mapema kulisha katuni. Hakujali. Aliniambia anapolikimbiza lile jitu miguu yake mwenyewe humwasha, hata ule wa kulia.

Jumamosi moja, mchana, nilikuwa mezani nasahihisha mitihani ya kidato cha pili. Akanieleza kwamba amepata shoka jipya. Kila akipiga, mashine inarusha dadu. Mara moja kati ya tano shoka linatoa moto unaoongeza madhara mia moja kwa adui. Lakini mara moja kati ya kumi linamgeukia mwenyewe na kumnyofoa uhai mia na sitini. Akalitafsiri jina lake, Shoka la Laana. Mama alikuwa mlangoni anamenya ndizi. Akaweka kisu chini, akasema neno hilo halitamkwi kwenye nyumba yake. Tukacheka. Hadi leo kile kicheko kinanichoma.

Hesabu yenyewe ni ya kitoto. Pigo la kawaida arobaini. Moto wa mia moja, mara moja kati ya tano, ni sawa na ishirini kwa kila pigo. Jumla sitini, na shoka lake la zamani lilikuwa halifiki hamsini. Upande wa pili, mia na sitini mara moja kati ya kumi ni kumi na sita kwa kila pigo. Alikuwa na pete inayomrudishia uhai ishirini kila anapopiga. Basi toa kumi na sita, weka ishirini, amepata faida ya nne. Nikaandika kwa kalamu nyekundu nyuma ya karatasi: madhara kwa adui, wastani 60, madhara kwako, wastani 16. Nikapigia mstari.

"Kwa hiyo ni salama?" akauliza.

"Si umeiona hesabu?"

Uhai wake ukijaa ulikuwa mia tatu. Laana ikimpata mara mbili mfululizo, amekwisha, pete au bila pete. Hilo hutokea kama mara moja kati ya mia, na yeye alikuwa akipiga mapigo mia kabla chai haijachemka. Mwalimu yeyote anayefundisha wastani anajua kwamba wastani hausemi lolote kuhusu siku mbaya. Nilikuwa na karatasi arobaini za kusahihisha, nami nilitaka anyamaze.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, akanipigia simu. Sauti ilikuwa chini mno, nikadhani mama amepatwa na jambo. Akasema jitu lake limekufa. Shoka lilimng'ata mara mbili, mia na sitini, mia na sitini, na skrini ikawa nyeusi. Nikaanza kumpa pole ile ya mzaha. Akanikatiza, akasema lakini niliandika wastani. Nikamwambia ndiyo, wastani. Hapo ndipo nikaelewa. Yeye alilisoma neno lile kama wanavyolisoma watu wa hali ya hewa redioni: mvua za wastani, ile mvua ambayo haimfanyi mtu akimbilie kuanua mahindi. Alidhani ile mia na sitini ikija, kabla haijarudi pete itakuwa imeshailipa, kana kwamba shoka linamdonoa kumi na sita, kidogo kidogo, kila pigo.

"Na ile ya daktari, dada," akasema, "ni wastani upi?"

Miaka miwili fomu ipo kabatini, na mimi, mwalimu mzima, sikuwahi kuuliza.

Tukarudi kwa daktari. Akatutazama kama watu waliokuja kumtega, kisha akasema katika wagonjwa kumi wa namna hii, mmoja hutoka akiwa na hali mbaya kuliko alivyoingia. Mdogo wangu akauliza mbaya kidogo? Daktari akasema hapana, anapoteza alichokuwa nacho. Njia nzima ya kurudi nilimsihi asisaini. Nilimwambia mguu mmoja unaotembea ni mguu. Tulipofika nyumbani akaomba ile kalamu yangu nyekundu.

"Kule nilikuwa nakimbia," akasema. "Sasa hivi hata kule sipo."

Akasaini. Mama alitoka nje akasimama kwenye shamba la kahawa, na ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Mlima Meru mpaka kwenye bati la jikoni, hatukumwona tena kwa muda mrefu. Niliogopa kumfuata. Mimi ndiye niliyeua lile jitu.

Asubuhi ya upasuaji, walipokuwa wanamsukuma, alinishika mkono akaniambia nisimpigie hesabu. Nikaahidi. Hata dakika tano hazikupita, nikawa nahesabu familia zilizokuwa zikisubiri pale kwenye mabenchi. Zilikuwa kumi. Kila moja na mgonjwa wake na ugonjwa wake, hesabu isiyo na kichwa wala miguu, lakini nilizihesabu mara tatu na kila mara zikawa kumi.

Mlango ukafunguliwa, wakamwita mama mmoja mwenye kitenge cha kijani aliyekuwa ameketi karibu nasi tangu alfajiri. Walimwambia neno moja akaketi sakafuni na kulia. Nami nikafurahi. Nalisema kama lilivyokuwa, nilifurahi, mabega yangu yakashuka. Nikajisemea moyoni kwamba ile moja imeshatoka, sisi tumepona. Mwanafunzi akiniandikia hivyo nampa sifuri, kwa sababu dadu halikumbuki lilipotoka kuangukia.

Mlango ukafunguliwa tena, wakaulizia ndugu wa kijana wa Maji ya Chai. Mama akasimama. Daktari akaanza kwa kumwambia pole, akamweleza kwamba yu hai, kisha akamweleza kuhusu miguu, yote miwili. Yule mama wa kitenge cha kijani akainuka sakafuni, uso bado umelowa, akaja akamkumbatia mama yangu kabla sijainuka, akampangusa machozi kwa kitenge chake. Kisha akanitazama, akanipa pole na mimi.