Pasaka Niliyosimama kwa Ganzi

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine hulisema neno hilo kwa unyenyekevu. Mimi nalisema kwa ushahidi. Kiti changu cha plastiki pale barazani kimebonyea kwa umbo langu, na kuku wa mke wangu wamenizoea hadi wananipandia magotini. Garsen mjini ni robo saa tu kwa bodaboda, lakini siendi ila nikilazimishwa, na nikifika swali langu la kwanza ni tunarudi lini. Mahali pekee ninapokwenda kwa hiari ni kanisani, kwa sababu huko nako watu hukaa.

Kila Pasaka naimba "Amefufuka" mpaka popo wa darini wanahama. Sauti ninayo. Na naamini kweli: jiwe liliondolewa, kaburi lilikutwa tupu, Bwana yu hai. Nimeamini hivyo tangu shule ya Jumapili. Ila niliamini kama mtu anavyoiamini taarifa ya habari ya redio: ni kweli, ni njema, haya, nipitishieni chai.

Mwaka juzi mchungaji wetu aliiharibu starehe hiyo. Alihubiri kwa muda mrefu, kisha akatutazama kama mwalimu aliyekusanya madaftari akayakuta matupu.

"Wanafunzi walipoambiwa kaburi ni tupu, walikimbia kwenda kuona," akasema. "Ninyi mmeambiwa miaka yote hii. Nani amekimbia?"

Tukatazama viatu vyetu.

"Haya, msikimbie. Nani atasimama tu, atuambie wiki hii atafanya nini kwa kuwa Bwana yu hai?"

Watu wakaanza kukagua kucha zao. Sasa mimi, katika urefu wa mahubiri yale, nilikuwa nimeukalia mguu wa kushoto, nao umekufa ganzi. Nikainuka kidogo niukung'ute. Kanisa zima likageuka.

"Haleluya!" mchungaji akapaza sauti. "Ndugu yetu amesimama!"

"Baba, keti," mke wangu akaninong'oneza.

Nilijaribu. Mguu ukakataa. Na mtu aliyesimama mbele za watu lazima aseme neno, basi nikatafuta neno. Likanijia la yule bi kizee jirani yetu, aliyeteleza ukingoni mwa mto akateguka nyonga. Shamba lake la mpunga lilikuwa halijaguswa, na kwetu mpunga una saa yake: lazima uwe umeota na kushika kabla maji ya mvua za bara hayajashuka. Ukichelewa, mto unameza shamba, na mwaka wako umekwisha. Bi kizee hana mtu. Anachovuna pale ndicho anachokula mpaka mavuno mengine.

"Yule mama," nikasema kwa sauti nzito, "asikose mpunga mwaka huu. Kesho shamba lake lipandwe!"

Makofi. Nikaketi nimeridhika, nikijua kanisa letu lina vijana wenye mikono.

Nilikuwa nimesahau jambo ambalo kwetu hata mtoto analijua. Pale kijijini, anayetangaza kazi ya wote ndiye mwenye kazi. Yeye hutangulia shambani, yeye huondoka wa mwisho, na yeye hulisha watu. Mke wangu alinikumbusha tukirudi nyumbani.

"Utawapa nini kesho? Ganzi?"

"Si kuna yule jogoo?"

"Yupi? Yule unayemtazama wiki nzima kama mchumba?"

Jumatatu asubuhi nikiwa na kikombe mkononi, hodi. Alikuwa mama wa Kiorma anayetuletea maziwa. Akapima maziwa bila haraka.

"Jirani, jana kelele zenu zimefika hadi zizini kwetu. Amefufuka, amefufuka! Mimi ni Mwislamu, mambo yenu siyaingilii. Nauliza tu: na ninyi mtaamka saa ngapi?"

Nyuma yake kicheko kikalipuka. Walikuwa akina mama kumi na mmoja wa kanisa, kila mmoja na jembe. Vijana wenye mikono sikumwona hata mmoja.

Shambani bi kizee alikuwa amekwisha kuletwa, amekalishwa juu ya mkeka pembeni. Akanikabidhi kikapu cha mbegu. Mbegu ile alikuwa ameitundika juu ya meko tangu mavuno, moshi uilinde na wadudu, ilinukia jiko.

"Hii ndiyo yote niliyo nayo, mwanangu. Kila shimo punje tano. Sita ukiteleza mkono."

Akina mama wakatangulia kwa safu wakichimba vishimo, nami nikafuata nikitia mbegu na kufukia. Safu ya kwanza nilihesabu punje kama mfamasia. Safu ya tatu kiuno kikaanza kunisemesha. Kufikia safu ya sita nilikuwa nimegundua kwamba ukitia konzi nzima kwenye kila shimo, kikapu kinakuwa chepesi upesi sana. Nikajisifu kimoyomoyo kwamba elimu ya Kidato cha Nne haikupotea bure.

Kabla ya saa sita mbegu ikaisha. Theluthi ya shamba ilikuwa na mashimo matupu.

"Mwenye kazi, mbegu!" wakaniita.

"Imekwisha."

"Imekwishaje?"

Mmoja wao akafukua shimo kwa kidole, akachungulia. "Jamani, njooni muone! Huyu hapandi, huyu anazika!"

Wakacheka hadi wengine wakakaa chini. Bi kizee hakucheka. Aliitazama ile theluthi, akasema polepole, "Ile ndiyo miezi yangu ya mwisho kabla ya mavuno mengine." Mbegu ya kumwazima hakuna aliyekuwa nayo, za wote zilikuwa ardhini tayari. Jogoo wangu aliliwa siku hiyo, na sikumbuki ladha yake.

Wiki mbili na ushei baadaye simu ikatoka Hola: mto umepanda, maji yamevuka ukingo. Kutoka Hola hadi kwetu maji huchukua siku chache. Nilikuwa kitini. Na hapo, sijui niseme nini, sikungoja kuitwa. Nilikwenda mbio, na mimi si mtu wa kukimbia. Mbwa wa njiani walinisindikiza kwa mshangao.

"Mama, maji yametoka Hola!"

"Umeamini?" bi kizee akauliza.

"Nimeamini."

"Sasa mbona umesimama?"

Kisha akanielekeza. Konzi zangu zote zilikuwa zimeota, zimesongamana kama nywele za mtoto asiyechanwa. Kila shimo niache miche mitano, iliyozidi niing'oe na mizizi yake, nikaipande kule patupu. Akina mama walikuwa wanaokoa mashamba yao, kwa hiyo kazi ilikuwa yangu peke yangu, na msimamizi mmoja aliyekuja kwa mkongojo.

"Nyoosha mstari!" akawa ananipigia kelele. "Hata bata hutembea kwa mstari!"

Siku ya pili mke wangu akaleta uji, akanikuta nimepiga magoti tope hadi mapajani. Akadhani nasali. Nilikuwa nasali kweli, kwa ajili ya kiuno, lakini na kwa ajili ya ile miche, mmoja mmoja. Wimbo haukunitoka hata ubeti. Pumzi haikutosha kwa kazi na kwaya. Lakini sikumbuki Pasaka nyingine niliyoiamini kama ile, katikati ya wiki, bila kengele.

Siku ya nne maji yakaingia. Yalipanda kimya hadi magotini. Upande wa mbegu ya kwanza mpunga ulisimama wote. Kule nilikohamishia, miche mingine ilisimama, mingine ikalala, mingine ikaelea, nami nikaifukuza humo majini nikiirudisha kwa kidole gumba.

"Hiyo iache, imekufa!" bi kizee akaniamrisha kutoka ukingoni. "Ile pale! Ile bado ina mzizi, ikamate!"

Maji yalipotulia, nusu ya ile theluthi ilikuwa imeshika. Nikatoka natiririka tope, nikasimama mbele yake kama mwanafunzi anayengoja matokeo. Alihesabu miezi kwa vidole, kuanzia mavuno. Vidole vikaenda vizuri, vikaenda, kisha vikasita. Viwili vikabaki vimesimama.

"Hii miwili," akasema, "nitakula kwako. Kamwambie mkeo."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi sipendi wali uliotiwa chumvi nyingi."