Muhubiri Aliyekataa Bukari

Yoeli Ntahondi alikuwa na mashati mawili meupe, tai moja nyeusi, na sauti iliyotoka kwake kama king'ora cha meli. Mwaka 1954 kanisa lake la Kiprotestanti kule Buha lilimpandisha meli pale Kigoma, likamvusha ziwa na kumtuma Albertville, mji ambao leo tunauita Kalemie, akatumike miaka miwili katika kazi ya Injili. Alikuwa kijana wa miaka ishirini, na hakuwa amewahi kulala ng'ambo ya maji.

Desturi ya kanisa lile ilikuwa kuwatuma vijana wawili wawili. Mmoja akianguka, mwingine amwinue; mmoja akijisifu, mwingine acheke. Mwenzake Yoeli aliitwa Célestin, mtoto wa fundi wa reli, mzaliwa wa mji ule, na kazi ya kucheka aliifanya kwa bidii kuliko kazi nyingine zote.

Walikaa katika chumba kimoja nyuma ya kanisa. Alfajiri Yoeli alifagia uwanja huku akiimba, na majirani wakaacha kutegemea majogoo. Célestin alipuliza makaa ya pasi, akanyoosha mashati, kisha wakala viazi vilivyolala na kushika njia. Kila mtaa ulikuwa na siku yake. Jumatatu walikwenda kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, Jumanne sokoni, Jumatano bandarini, Alhamisi kule mto Lukuga unakotoka ziwani. Walipiga hodi, wakasoma neno, wakaimba. Palipokuwa na maji ya kuteka waliteka, na palipokuwa na ukuta wa kukandika walivua mashati wakakandika. Yoeli alishikilia kwamba mhubiri asiyejua kushika jembe ahubirie ndege.

Watu walimpenda upesi. Waha husalimiana kwa makofi na kwa maneno mengi: umeamkaje, watoto wameamkaje, mbuzi wameamkaje. Yoeli alisalimia hivyo hivyo, akipiga makofi taratibu na kuinama, na kabla ya kumaliza habari za mbuzi mwenye nyumba alikuwa amekwisha kucheka na kuleta kiti. Na kiti kikija, chakula hakiko mbali. Kwenye nyumba za reli walijua kwamba kijana wa Kigoma anamaliza sahani na kuisifu mpaka mpishi aone haya.

Bandarini hawakujua hivyo, kwa sababu ya jambo moja ambalo hata Célestin hakuambiwa. Siku aliyopanda meli, Yoeli aliweka nadhiri moyoni: kila Jumatano, tangu jua kuchomoza hadi kuzama, hatatia kitu kinywani, wala tone la maji, ili Mungu aibariki safari yake. Nadhiri si jambo la mchezo, na kijana huyu hakucheza nayo. Tena alikuwa amesoma kwamba mtu afungapo asijionyeshe kwa watu. Kwa hiyo Jumatano alijipaka mafuta usoni, akachana nywele na kutabasamu, na kila alipokaribishwa chakula alisema, "Asante, mama, leo hapana." Hakutoa sababu. Kusema ameshiba kungekuwa uongo, na kusema anafunga kungekuwa majivuno. Aliona amepita katikati ya dhambi mbili bila kuguswa na hata moja.

Pale bandarini, karibu na ghala la magunia, palikuwa na Mama Godelieve, mjane wa dereva wa gari-moshi. Alipikia wapakizi wa meli bukari, yaani ugali wa kule, na samaki. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti kavu, na chungu chake kilisuguliwa hadi kung'aa. Jumatano ya kwanza alimkaribisha Yoeli yeye mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya kwa kila mtu. Yoeli alikitazama chungu, akameza mate, akatabasamu na kusema leo hapana. Jumatano ya pili ikawa vile vile, na ya tatu pia.

Célestin alikula. Lakini Célestin alikuwa Célestin tu, na hakuna aliyemtazama. Yoeli ndiye aliyetazamwa.

Kapita, yaani msimamizi wa wapakizi, Papa Léon, ndiye aliyelitamka kwanza, tena kwa sauti ya chini kama mtu mwenye huruma. "Yule mutoto anakula ku reli. Anakula ku soko. Hapa tu njo hakuli. Kwa nini?"

"Pengine hapendi samaki," alisema François, mpakizi kijana mwenye mabega kama mlango.

"Muntu wa Kigoma asipende samaki? Sikiliza. Yule ni muntu wa Mungu, ana macho ingine. Anatazama mu chungu, anaona kitu, anacheka kwa adabu, anaenda. Célestin yeye hana macho, njo maana anakula."

Hakusema zaidi, na hakukuwa na haja. Neno likiisha kutupwa bandarini hupakiwa na kila mtu. Juma lililofuata wapakizi watano walikula kwa mama mwingine, upande wa pili wa ghala. Kisha wakawa kumi. Wakaanza kukumbushana jinsi marehemu mume wa Mama Godelieve alivyoanguka ghafula, ingawa wote walijua alikufa kwa homa, tena hospitalini. Ndivyo uzushi unavyofanya: ukikosa ushahidi huchimba makaburi.

Jumatano ya tano Yoeli na Célestin walifika bandarini saa sita, jua likichoma mabati ya ghala. Mama Godelieve alikuwa ameketi peke yake mbele ya chungu kilichojaa. Wapakizi walipita mbele yake wakitazama ziwa, kana kwamba ziwa lilikuwa limewekwa pale asubuhi ile.

Yoeli alianza makofi yake. "Mama Godelieve, umeamkaje? Watoto..."

"Acha watoto wangu," alisema Mama Godelieve. Alisimama. "Leo ujibu. Wewe uliona nini mu chungu yangu?"

"Mimi, mama?"

"Wewe, muhubiri. Uliona nini? Sema mbele ya watu. Kama uliona nyoka, useme nyoka. Kama uliona kidole cha muntu, useme. Wanasema mimi ni mulozi. Wanasema wewe njo ulijua."

Célestin, aliyekuwa amezoea kucheka, hakucheka. Mama Godelieve alingoja jibu, kisha akakaa, akawapa mgongo wote wawili.

Hatua chache kutoka pale Mama Mwavita alikuwa akikaanga muhogo. Alitoka katika ukoo wa Waislamu waliovuka ziwa zamani kwa biashara, na alimfahamu Godelieve tangu wote wawili wakiwa mabinti. Alimwita Yoeli kwa kidole chenye mafuta.

"Kuja hapa, mutoto. Inama." Alimtazama midomo. "Tangu asubuhi hujakunywa maji."

Yoeli akafunika midomo kwa mkono.

"Usinijibu, nadhiri yako ibaki yako. Mimi nafunga tangu kifua changu hakijaota maziwa. Ile midomo naijua. Jumatano zote, si ndiyo?"

"Ni siri yangu na Mungu, mama."

"Siri nzuri sana. Inakutia wewe thawabu, na inamutia mwenzako mu ulozi. Swaumu ya kumunyima mwenzako chakula ni swaumu gani hiyo? Sisi hatujafundishwa ya namna hiyo. Ninyi njo munafundishwa?"

Uso wa Yoeli uliwaka. Katika mwaka wake wote wa kusomea uhubiri hakuna aliyemwuliza swali gumu kama lile, na aliyeuliza alikuwa akigeuza muhogo.

"Basi nitawaambia," alisema. "Nitasimama juu ya gunia niwaambie wote kwamba nafunga."

"Nani atakuamini? Watasema Godelieve amekulilia, umetafuta neno la kumufunika. Walikuona kwa macho unakataa. Wakuone kwa macho unakula."

"Kesho ni Alhamisi," alisema Yoeli upesi. "Kesho asubuhi na mapema nitakuja, nitakula mpaka..."

"Kesho!" Mama Mwavita aligonga mwiko kwenye ukingo wa karai. "Chungu kimejaa leo. Akikimwaga leo mbele ya watu, kesho hatapika. Mimi namujua. Ataenda kwa ndugu yake kule Mpala, na jina la ulozi litamutangulia. Wewe kula kesho, na nani?"

Yoeli alitazama ziwa. Ng'ambo ile, nyuma ya ukungu, ndiko kulikokuwa Kigoma, na gati ambako alikuwa ameweka nadhiri yake akitetemeka. Hakuwa amewahi kuivunja hata mara moja. Siku aliyougua tumbo aliishika. Siku aliyokandika ukuta juani mpaka akaona nyota mchana, aliishika. Sasa aliona wazi kwamba anaweza kuishika na leo vile vile, akarudi nyumbani akiwa safi, na mjane huyu akaenda Mpala na doa. Watu wengi wameishi hivyo na kuzikwa kwa heshima.

Wakati huo Mama Godelieve alikuwa amekishika chungu kwa vitambaa viwili na kukiinua jikoni.

"Mama!" Yoeli aliita, na kwa sauti ile hata walioko juu ya meli waligeuka. "Usimwage! Nipe maji ninawe. Nina njaa."

Mama Godelieve alibaki amekishika. "Unasema nini?"

"Nasema nina njaa, mama. Nina njaa ya Jumatano tano."

Wapakizi walisimama. Papa Léon alikuja taratibu, mikono nyuma. Yoeli alikaa juu ya gunia lililokuwa karibu, akakunja mikono ya shati, akanawa. Mama Godelieve alipakua: bonge la bukari kama kichwa cha mtoto, samaki wa mgebuka mzima katika mafuta ya mawese, na pilipili pembeni. Aliweka sahani kwa kishindo. Yoeli akafumba macho.

"Ee Mungu," aliomba, na bandari nzima ilisikia, "nisamehe nadhiri yangu, maana naivunja. Bariki chakula hiki. Bariki na mikono hii iliyopika, kwa kuwa ni safi, na chungu hiki, kwa kuwa sikuona kitu ndani yake isipokuwa samaki, na nilimtamani. Amina."

Akamega tonge, akachovya. Kila jicho lilifuata mkono mpaka kinywani, kila jicho likashuka na tonge kooni. Yoeli akatafuna. Ghafula machozi yakamtoka.

"Anakufa!" alisema mtu.

"Pilipili," alisema Yoeli kwa shida. "Maji, tafadhali."

Célestin ndiye aliyepasuka kwanza, na kicheko chake kikawafungulia wengine mlango. Yoeli alikunywa kata nzima ya maji, akarudi kwenye sahani, na kuanzia hapo hakuna aliyemsemesha. Alimaliza bukari. Alimaliza samaki, akafyonza mifupa. Akanyoosha mkono wenye sahani.

"Nyongeza, mama."

"Tazameni huyu!" François alipiga kelele. "Ni muhubiri ao ni shimo ya makaa? Mama, nipakulie kabla hajameza na mwiko!"

"Na mimi!"

"Papa Léon," alisema Mama Mwavita kutoka kwenye karai lake, bila kugeuka, "wewe mwenye kujua macho ya watu wa Mungu, mbona umesimama? Kaa, ule. Ao unaona nyoka?"

Watu walimcheka kapita mpaka akakosa pa kuweka mikono yake. Alikaa, akala, na ni haki kusema kwamba alikula sahani mbili, tena alisema kwa sauti kwamba samaki ni mzuri. Wenye kutupa neno kwa siri na kuliokota hadharani si wengi, basi tumpe sifa yake. Chungu kilikwisha kabla king'ora cha kazi hakijalia.

Wapakizi walipoondoka, Yoeli alibaki akiosha sahani. "Mama Godelieve," alisema, "sikuona kitu. Nilikuwa nafunga tu. Sikutaka watu wajue."

Mama Godelieve akaweka mwiko chini. "Ulifunga tumbo. Na ulimi nao, nani alikuambia uufunge?"

"Hakuna, mama."

"Mutoto wangu akifanya vile ningemuchapa." Alimnyang'anya kitambaa. "Na huku unaosha vibaya. Toka. Jumatano ukuje na njaa."

Jioni ile Yoeli alikwenda mwenyewe kwa mchungaji wao, Papa Hubert, akamweleza kwamba amevunja nadhiri. Mchungaji alikuwa mtu wa sheria. Alimwuliza kwanza kama alikuwa amekula na kushiba. Yoeli akasema ndiyo. "Basi funga Jumatatu," alisema mchungaji, "na mwambie Célestin, ili mtu mmoja duniani ajue. Mtu afungapo bila hata mmoja kujua, ni rahisi awasumbue wengi." Na Jumatatu ikawa siku yake. Kwenye nyumba za reli Célestin alitangulia mlangoni na kusema, "Leo mwenzangu anafunga, mimi nitakula kwa wawili," na hakuna jina la mtu lililochafuka.

Mama Godelieve hakuhama kanisa. Alikuwa Mkatoliki wa Mapadri wa Mpala, na alimwambia Yoeli asijisumbue. Lakini kila Jumatano saa sita, sahani zilipokwisha kusombwa, alisimama mwiko mkononi na kusema, "Nyamazeni, mutoto wangu asome," na mabega yale makubwa yakanyamaza. Yoeli alisoma, kisha akafundisha wimbo, na wimbo ukawakaa wapakizi mpaka kwenye kazi. Walipovuta magunia ya mpunga kwenda melini waliuimba, François akitoa sauti ya kwanza na Papa Léon akipiga hatua: haleluya, gunia juu, haleluya, gunia chini. Célestin alisema Papa Hubert akisikia atazimia. Yoeli alivua tai, akaingiza bega chini ya gunia, akaimba kwa sauti yake yote.