Baba Mikate Ala Upepo wa Kilomita Mia Mbili

Kuna wanaume wabishi, halafu kuna Baba Mikate. Miaka ishirini na minane amesambaza mikate kwa baiskeli, nyuma kafunga sanduku la mbao kubwa kiasi kwamba akipita unadhani kabati linatembea lenyewe. Mvua ikinyesha, mkate unafika mkavu. Anayelowa ni yeye. Na ukimsikiliza, hakuna mlima usiompigia shikamoo.

Mwaka aliotimiza hamsini na tisa, mkewe alimwona akishuka kwenye baiskeli huku ameshika goti. Akasema yatosha, kazi amkabidhi mkwe wao.

"Mkwe? Yule anayeendesha kama anakanyaga mayai?"

"Mayai yake hayajavunjika, mume wangu. Goti lako ndilo linalovunjika."

Siku hizo zilitangazwa mbio za baiskeli: kilomita mia kwenda, mia kurudi, mwisho saa kumi na mbili jioni. Baba Mikate akaapa mbele ya familia: akimaliza kwa wakati, hakuna wa kumgusia habari za kustaafu. Akishindwa, mkwe achukue baiskeli, sanduku na wateja. Mkewe akakubali haraka mno, jambo ambalo lingemtia wasiwasi mtu mwenye akili.

Asubuhi ya mbio watu walikuja na baiskeli nyembamba kama miiba ya samaki. Yeye alikuja na sanduku. Tupu, lakini lipo. Alikuwa amejaribu kuliacha, baiskeli ikawa inarukaruka kama mbuzi aliyekata kamba.

"Mzee, unahama?" mmoja akamuuliza.

"Nimewabebea nafasi. Mkichoka mtaingia humu."

Kwenye kilomita ya ishirini upepo ukaanza, wa usoni, unasukuma kama bawabu asiyetaka wageni. Wajuzi hupokezana: mmoja anatangulia kuukata, wengine wanajificha nyuma yake, akichoka anarudi mkiani. Walipomwita apumzike nyuma, Baba Mikate aliona ametukanwa. Yeye? Afuate mgongo wa mtu? Akang'ang'ania mbele. Na lile sanduku, jamani, lilikuwa ukuta! Watu kumi na mmoja walijipanga nyuma yake, wanamenya ndizi na kupiga soga kama wako sebuleni. Kila wakimsifu, yeye anazidi kukanyaga.

Kwenye kugeuza, alitarajia upepo umsindikize nyumbani. Upepo nao ukageuka, ukaja wa ubavuni. Kilomita ya mia na thelathini, karibu na meza ya maji, ukalipiga sanduku kofi moja, ukamlaza mzee kwenye majani taratibu kama mtoto mchanga. Miguu ikagoma kuinuka. Wale kumi wakapita wakimpungia mkono. Aliyesimama ni mmoja, mwalimu wa hesabu, mama wa makamo.

"Baba, lifungue hilo kabati uliache hapa, uje nyuma yangu."

"Mwalimu, mimi sifuati mtu."

"Sasa ni saa nane na robo. Zimebaki kilomita sabini. Peke yako utafika watu wamelala. Mimi nimekaa nyuma yako tangu asubuhi; umeniona nimekufa?"

Baba Mikate akamfikiria mkwe wake juu ya kile kiti kilichochongwa na makalio yake mwenyewe kwa miaka ishirini na minane. Akafungua mipira iliyoshika sanduku, akawaachia wagawa maji, akajibana nyuma ya mwalimu; baiskeli ikarukaruka kidogo, ikatulia. Loo! Kumbe huku nyuma dunia ni laini hivi! Nusura alie.

Walifika saa kumi na mbili kasoro dakika sita. Mkewe alikuwa kwenye kamba ya kumalizia, ameshika taulo.

"Umemaliza," akasema. "Umeshinda, sina la kusema."

Hapo mzee angefunga mdomo tu. Lakini alikuwa amechoka hata nguvu za kudanganya hana.

"Sabini za mwisho nimekatiwa upepo na huyu mwalimu. Nilijificha kama kifaranga."

Mkewe akamgeukia mwalimu. "Miaka yote hii namwambia apumzike. Wewe umempa dawa gani?"

"Mimi? Muulize upepo, dada."

Baba Mikate akajifuta uso, akajikohoza kidogo.

"Mwambieni mkwe aje kesho alfajiri, na baiskeli yake. Tutagawana kazi. Kwenda atatangulia yeye." Akafikiri. "Kurudi pia."